Mnywaji Mkuu wa Serikali

Nchi ninayoisimulia haiko karibu na yako, kwa hiyo soma kwa raha. Ukiona ofisa wa huko anafanana na ofisa wenu, mlaumu ofisa wenu. Yeye ndiye aliyekosa haya mpaka akafanana.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Mamlaka ya Kupima Maji na Hewa, na zamani ilikuwa inapima kweli. Ilikuwa na jengo la vioo na vijana waliovaa makoti meupe. Vijana hao walichota maji ya mto huu na kisima kile, wakayatia kwenye mashine, mashine ikatoa namba. Tatizo likawa ni hizo namba. Namba ikishatoka, mtu anauliza kama ni kubwa au ndogo. Ukimjibu kwamba ni kubwa, anauliza nani kaifanya ikawa kubwa. Na aliyeifanya ikawa kubwa kwa kawaida alikuwa amekaa meza moja na waziri kwenye harusi ya Jumamosi iliyopita. Serikali ya huko haipendi ugomvi. Ikaifunga maabara, vijana wakarudishwa makwao, na jengo likageuzwa ukumbi wa sherehe. Ni ukumbi mzuri. Yale masinki yanafaa sana kupozea soda.

Mamlaka nayo ikapewa jina jipya, Mamlaka ya Kupima na Kutuliza. Kupima kukabaki kwenye jina, na kazi ikawa ile nyingine.

Lakini watu waliendelea kuugua, na mtu anayeugua ana tabia mbaya ya kuuliza. Ndipo wakubwa wakabuni Kunywa kwa Hadhara. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mji ukilalamikia maji yake, Mamlaka inamleta Mnywaji Mkuu wa Serikali. Turubai linafungwa, viti vinapangwa, viongozi wanakaa kivulini na wananchi wanakaa juani. Mnywaji anapanda jukwaani, anamiminiwa glasi, anaimaliza yote, anaipindua ili watu waone kwamba halijabaki tone. Kisha wimbo wa taifa unapigwa. Wimbo ukiisha naye bado amesimama, maji ni salama kisheria. Akianguka kabla haujaisha, maji ni hatari, chanzo cha uchafu kinafungwa, na wananchi wanaletewa maji mengine kwa magari. Watu waliipenda sana sheria hiyo. Hata asiyejua kusoma aliweza kuifuata kwa macho.

Na wimbo wenyewe haukuwa mfupi. Kila rais alikuwa ameongeza ubeti wake, na hakuna aliyethubutu kuufuta wa mwenzake asije naye akafutiwa.

Mnywaji wa kwanza alikuwa mtu mwaminifu, ndiyo maana hakudumu. Alipelekwa mji mmoja wa machimbo ya dhahabu, akanywa maji ya pale pale, na ulipofika ubeti wa rais wa pili magoti yakamlegea akaenda chini. Hakuinuka tena. Mkurugenzi wa Mamlaka, Daktari Eliakunda, akakamata kipaza sauti akatangaza kwamba marehemu hakuanguka, amepiga magoti kuiheshimu bendera, na sheria haisemi lolote kuhusu kupiga magoti. Akaongeza kwamba huyu ni mtu aliyezidiwa na uzalendo. Akazikwa kwa mizinga, na mji ule ukaendelea kunywa maji yake.

Baada ya mazishi hayo Mamlaka ilijifunza. Maji ya Kunywa kwa Hadhara yakawa yanatoka makao makuu, maji ya chupa ya chemchemi ya mlimani, yakisafiri chini ya kiti cha Mkurugenzi. Wakifika mjini yanahamishiwa kwenye mtungi, wanatia majani ya chai kidogo ili yapate sura ya wananchi.

Mnywaji wa pili alikuwa Sefu Kilindo. Kabla ya hapo alikuwa anauza magodoro. Mwenye duka alikuwa anamlaza juu ya godoro pale mbele, na kila aliyepita akamwona jinsi alivyotulia, alinunua. Alikuwa na mashavu yaliyojaa, ngozi inang'aa, na macho ya mtu ambaye hajawahi kudaiwa. Mamlaka ilipomwona ilijua imepata chombo. Kilindo mwenyewe aliipenda kazi. Alikuwa akisema kwamba yeye hajamdanganya mtu, maana hajawahi kutamka neno jukwaani. Yeye anakunywa tu. Watu wanaamua wenyewe wameona nini.

Alikunywa hivyo miaka mingi, mji baada ya mji, na hakuanguka hata mara moja. Nchi ikawa na maji salama kuliko nchi zote za jirani.

Sasa tuje Kidimbwini, ambako ndiko kwetu.

Kidimbwini kulikuwa na kisima kimoja kikubwa cha pampu na kiwanda kimoja cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Kiwanda kilijengwa juu kidogo ya kisima, kwa sababu mwenye kiwanda, Mwekezaji, aliambiwa achague mahali popote, naye akaupenda upepo wa pale. Wanaume walipasua betri kwa mashoka, wakamwaga tindikali chini, wakachota madini ya risasi wakayayeyusha kwenye masufuria makubwa. Moshi ulikwenda ulikotaka, na maji ya kuoshea yalikwenda yalikotaka. Maji yalitaka kisima.

Walioanza ni kuku. Walizunguka duara moja, kama waliosahau walikokuwa wanakwenda, mpaka wakaanguka. Kisha mbuzi. Kisha watoto waliokuwa wanahesabu mpaka mia wakawa wanaishia ishirini, na mwalimu akawachapa kwa uvivu. Watu wakaona mstari wa buluu kwenye fizi zao. Wanawake waliacha kununua nguo za mtoto mapema, maana mimba zilikuwa haziaminiki.

Tukalalamika. Daktari Eliakunda akaja kutupa semina.

Alikuwa mtu nadhifu mwenye sauti ya upole, sauti ambayo ukiisikia unataka kuomba msamaha. Alituambia kwamba hakuna ushahidi wowote wa sumu Kidimbwini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupima. Mtu akamwomba basi apime. Akasema kupima kitu kisicho na ushahidi ni kutapanya fedha za umma. Halafu akatueleza kwamba neno sumu lenyewe limepitwa na wakati, siku hizi linaitwa kiungo kisichotarajiwa. Mtu hafi kwa kiungo kisichotarajiwa, bali anashindwa kuitikia. Akasema pia kwamba kiwango cha usalama cha taifa kimepandishwa mwezi uliopita kwa busara ya viongozi, na sasa kiko juu ya chochote kinachoweza kukutwa kisimani. Na hata kama kipo, akasema, tufikiri kitaifa. Chukua kiungo chote cha Kidimbwini, ukigawe kwa wananchi wote wa nchi hii, utaona kila mmoja anapata kitu kidogo kisichomdhuru hata mdudu.

Bi Kuruthumu, muuza maandazi wa pale sokoni, akanyoosha mkono.

"Daktari, hiyo hesabu nimeielewa," akasema. "Umeshaigawa kwa taifa zima. Mbona sasa taifa halijaja kuchukua fungu lake? Lote bado liko kwenye ndoo yangu."

Tukacheka mpaka viti vikalia. Daktari naye akacheka kidogo, akasema swali ni zuri na litafanyiwa kazi. Huko kwetu maana yake ni kwamba askari aliyekaa nyuma anaandika jina lako.

Semina ikashindwa kututuliza. Tukadai Kunywa kwa Hadhara. Tulidai kwa kelele, kwa mabango, kwa kufunga barabara, na Daktari akajifanya anakataa, kisha akajifanya anakubali kwa shingo upande. Wakati huo wote zile chupa zilikuwa zimeshapakiwa.

Kitu ambacho Mamlaka haikukijali ni kwamba Kilindo alikuwa na binti Kidimbwini. Anaitwa Zamda. Aliolewa na Mikidadi, mmoja wa wapasua betri pale kiwandani, na nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka kwa Bi Kuruthumu. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Ya pili ndiyo alikuwa nayo sasa, imeshakuwa kubwa, na kwa ajili ya hiyo Mikidadi alikuwa anapanda baiskeli kwenda chemchemi iliyoko mbali nyuma ya vilima, anarudi na dumu moja la maji. Zamda alikunywa ya dumu hilo peke yake. Mikidadi hakuyagusa.

Alasiri, siku moja kabla ya sherehe, mafundi walipokuwa wanafunga turubai, Kilindo aliponyoka akaenda kwa mwanawe. Alimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakukaa hata kwenye kiti alichowekewa. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba maji ya kesho si ya Kidimbwini, yako chini ya kiti cha Mkurugenzi, na kwamba yeye Zamda asiguse ya kisima hata watu wote wakishangilia. Akamwambia afunge virago, aje akajifungulie kwake makao makuu.

Zamda akamwuliza kuhusu miji mingine, ile waliyomwona akinywa kwenye televisheni. Kilindo akajibu kwamba hata kule.

Binti akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema kwamba alipopoteza mimba ya kwanza alikuwa anakunywa ya kisima. Watu walikuwa wanasema yananuka, lakini yeye na Mikidadi waliambiana kwamba serikali inayomnywesha baba yao mbele ya watu haiwezi kuwaficha kitu.

"Zamda, mwanangu, tusiongee hayo," Kilindo akasema. "Twende nyumbani."

"Na Bi Kuruthumu naye aje? Na watoto wake wote wale?"

"Mimi nakusema wewe."

"Basi kesho usinywe, baba."

"Nisiponywa ataletwa mwingine, atakunywa."

"Basi anguka," Zamda akasema, kama anayemwambia mtu afunge mlango.

Siku ya sherehe watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Daktari Eliakunda alitoa hotuba ndefu. Alisema maji ni uhai, kisima ni moyo wa mji, Mwekezaji ni ndugu aliyetoka mbali, na hofu ndiyo sumu kubwa kuliko zote, nayo dawa yake ni ukweli. Aliposema ukweli alionyesha mtungi kwa mkono.

Kilindo akapanda. Akamiminiwa, akanywa, akapindua glasi, halikudondoka tone. Bendi ikaanza. Alisimama imara ubeti wa rais wa kwanza. Ubeti wa rais wa pili, bado amesimama. Ulipoingia ule wa tatu, unaohusu barabara, akaachia mwili wote, akaenda chini chali, kifudifudi hapana, magoti hapana, chali kabisa, mikono imetanuka, kichwa kikagonga mbao za jukwaa mlio ukasikika mpaka sokoni. Alikuwa amefikiri vizuri. Hakutaka mtu aseme amepiga magoti.

Fikiria jambo hili. Mtu mmoja tu pale uwanjani alikuwa amekunywa maji safi, na ndiye aliyekuwa chini. Sisi tuliokuwa tunakunywa ya kisima kila siku tulikuwa tumesimama wima, mkono kifuani, kwa heshima ya wimbo.

Kelele zilizofuata sijazisikia tena. Wanawake walimwaga ndoo zao pale pale. Vijana walikimbilia geti la kiwanda. Bi Kuruthumu alipanda juu ya kiti cha mkuu wa wilaya akapiga vigelegele vya ushindi, jambo ambalo ukilitazama ni la ajabu, mtu kushangilia kuambiwa kwamba amenyweshwa sumu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa na furaha kama watu waliokubaliwa posa.

Daktari Eliakunda alikimbilia kipaza sauti akasema ni jua. Tukamzomea. Akasema Mnywaji hakupata kifungua kinywa. Tukamzomea zaidi. Akasema ni furaha. Mtu akamrushia kandambili. Mwishoni akasema sheria itafuatwa, lakini sheria inazungumzia kuanguka kunakosababishwa na maji, kwa hiyo serikali haina budi kujiridhisha kwanza kama kilichokuwa kibovu ni maji au ni mtu. Askari wakamwinua Kilindo wakamtia kwenye gari. Kosa lililoandikwa lilikuwa kuanguka bila kibali.

Kituoni Daktari alizungumza naye kwa upole wake ule ule. Alimwomba aseme tu kwamba alikuwa na malaria. Kilindo akakataa. Mtu mwenye mashavu yale hakuna aliyemtarajia kuwa na ubishi, hata yeye mwenyewe nadhani alijishangaa. Daktari akamweleza mambo yalivyo. Kama maji aliyokunywa ni ya chupa, basi ameanguka kwa maji safi, na huo ni ulaghai dhidi ya taifa. Kama anashikilia kwamba yalikuwa mabaya, basi na yale ya miji mingine yalikuwa mabaya, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya wananchi akayanywa wakamfuata. Kule kuna makaburi, Bwana Kilindo, akamwambia. Hayo yote yatakuwa yako. Na huko kwetu anayeua wengi ananyongwa, isipokuwa awe na ofisi.

Kilindo akakataa tena. Wakamfungia.

Asubuhi yake Daktari Eliakunda akaenda kwa Zamda. Alikalia kigoda, akaisifu nyumba, akauliza mimba ina miezi mingapi. Akamweleza habari za baba yake kwa huzuni kubwa. Njia ya kumwokoa ilikuwa moja tu, kuthibitisha kwamba maji ya Kidimbwini ni mazuri. Yakiwa mazuri, baba yake si muuaji wala si tapeli, ni mzee mgonjwa tu aliyeanguka, na mgonjwa hafungwi. Na hakuna anayeweza kuthibitisha vizuri kuliko damu yake mwenyewe, tena mama mjamzito. Glasi moja tu.

"Ya kwenye chupa?" Zamda akauliza.

Daktari akasikitika. Watu wamekuwa wabishi, akasema, safari hii wanataka yachotwe kisimani mbele ya macho yao.

"Na nikianguka?"

"Hutaanguka, mama. Yale ya machimbo ndiyo yana papara. Haya ya kwenu yana subira."

Alijua anachosema. Zile mashine za maabara ziliuzwa, lakini moja haikuuzwa. Iko nyumbani kwake, anapimia maji ya wajukuu.

Zamda alimwomba siku ya kufikiri. Mikidadi alimwambia asifanye, akasema mzee aliyachuma mwenyewe. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe anakula kwa mkono wa Mwekezaji, akachukua shoka lake akaenda kazini. Nadhani angekuwa na baba mwingine, Zamda angekataa. Lakini alikuwa na huyo mmoja, na huyo mmoja alianguka kwa sababu yeye alimwambia aanguke.

Watu wakakusanyika tena. Bi Kuruthumu hakutaka kudanganywa, kwa hiyo alipampu kisima kwa mkono wake, akaosha glasi kwa mkono wake, akamimina. Alipompa Zamda aliinama karibu na sikio lake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nikasikia.

"Mwanangu, baba yako alikuja kwako siku ile. Alikuambia nini?"

Zamda akatazama lile gari la polisi lililokuwa limeegeshwa kando ya turubai.

"Alikuja kunisalimia tu, mama," akasema.

Akanywa. Akapindua glasi. Bendi ikapiga beti zote, ule wa barabara, ule wa umeme, ule wa rais wa sasa ambao unataja na shamba lake la parachichi, na Zamda amesimama, mkono mmoja kifuani na mmoja tumboni. Wimbo ukaisha. Watu wote wakapumua kwa pamoja, ungedhani mji mzima umeshushwa mzigo. Bi Kuruthumu alilia kwa furaha. Alichota ndoo ya kwanza, akawaita watoto wake, akawanywesha mmoja mmoja, mdogo kabisa akiwa wa kwanza, maana ndiye aliyekuwa na kiu zaidi. Siku zote zile tangu Kilindo aanguke alikuwa amemnyima.

Kiwanda kikaongeza zamu.

Glasi moja ilitakiwa iwe moja. Lakini Mamlaka iligundua jambo ambalo miaka yote haikulijua, kwamba mama mjamzito anatuliza kuliko mwanamume mwenye mashavu. Picha ya Zamda ikabandikwa nchi nzima, tumbo mbele, glasi mkononi, na chini yake maneno makubwa: MAMA KANYWA, WEWE NI NANI? Akapewa cheo cha baba yake. Kila Ijumaa alisimamishwa pale kisimani anywe, maana siku atakayokosa watu watauliza kwa nini. Naye kila Ijumaa aliuliza lini baba yake atatoka. Daktari akamjibu kwamba uthibitisho haujakamilika. Ushahidi wenyewe bado uko tumboni. Ukizaliwa mzima, baba anatoka siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo Zamda akaendelea kunywa ili baba yake atoke, na kumwombea mtoto azaliwe mzima ili baba yake atoke, na hakuona mahali pa kutokea katika huo mduara.

Mtoto alizaliwa. Wa kiume. Hakulia sawasawa, alitoa sauti kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Shingo haikukaza. Miezi ikapita haikukaza. Akawa anapata degedege, anageuza macho, kisha analala kama kitambaa. Zamda akambeba mpaka hospitali ya wilaya. Mganga wa pale alimtazama fizi mama, akamtazama mtoto, akafunga mlango, akasema anajua ni nini. Dawa ipo hapo kabatini. Lakini ni dawa ya ugonjwa ambao Mamlaka haijatangaza kwamba upo, na mganga akitoa dawa ya ugonjwa ambao haupo, anahesabiwa mwizi wa dawa. Akampa vidonge vya minyoo, akamwomba asimwambie mtu kwamba walizungumza.

Yule mtoto mdogo kabisa wa Bi Kuruthumu alizikwa mwezi huo. Alikuwa ameshindwa kuitikia. Tangu hapo Bi Kuruthumu akimwona Zamda anakuja, anavuka barabara.

Mamlaka haikunyamaza. Daktari Eliakunda aliitisha waandishi wa habari kwenye ule ukumbi wa sherehe, akatoa taarifa ya kitaalamu. Alisema uchunguzi wa muda mrefu umekamilika. Babu alianguka bila sababu. Sasa mjukuu naye hawezi kusimama wala kukaa. Watu wenye akili wanaona wenyewe kwamba huo ni ukoo wenye asili ya kuanguka, na maji ya Kidimbwini yanasingiziwa tu. Serikali inaipa familia pole, na kwa ubinadamu wake inamwachia huru Bwana Sefu Kilindo, kwa kuwa imethibitika kwamba kuanguka kwake ni maumbile. Zamda naye alishukuriwa kwa utumishi wake. Mtoto yule hakuwa wa kuonyeshwa jukwaani, kwa hiyo akatafutwa mjamzito mwingine.

Kwa hiyo Kilindo alitoka, kama alivyoahidiwa binti yake. Ahadi za serikali ya huko hutimizwa, ukiwa na subira.

Alikuja Kidimbwini kwa miguu kutoka stendi. Mashavu yalikuwa yamekwisha, ngozi inaning'inia kama nguo ya kuazima, na watu waliomwona mbele ya lile bango la MAMA KANYWA hawakujua ni nani. Hakuna aliyemwambia chochote huko ndani. Walikuwa wamemwambia tu kwamba binti yake anasaidia.

Alimkuta Zamda uani, mtoto amelala kwenye khanga kando yake, macho wazi, yanatazama pasipo na kitu. Kilindo akauliza mtoto ana nini. Zamda akamweleza yote, tangu kigoda cha Daktari mpaka vidonge vya minyoo, bila kupandisha sauti. Mzee akainama akainua mkono wa mjukuu wake, akauachia. Ukaanguka. Akauinua tena, akaushikilia.

"Nilikuambia usiguse," akasema.

"Uliniambia."

Mtu akitoka safari hupewa maji. Zamda akaingia ndani akarudi na kikombe cha bati kilichojaa. Hakufanya kwa ubaya. Mengine hayakuwepo. Mikidadi mikono yake imekufa ganzi, haikamati usukani wa baiskeli, na kule chemchemi hakuna anayekwenda tena.

Kilindo alikishika kile kikombe kwa mikono miwili. Alikitazama, akamtazama binti yake, pengine akingoja amwambie aache. Zamda alikuwa anamfuta mtoto mate mdomoni. Basi akanywa mpaka mwisho.

"Kumbe ndivyo yalivyo," akasema. "Nilikuwa siyajui."

"Ulikuwa huyajui, baba," Zamda akasema, akapokea kikombe. "Ila sisi tulikuwa tunakuangalia wewe."

Akaenda kumjazia kingine.